Ijumaa ya Mzee Shabani

Siku ile tulikuwa watu watano penye gari: Mzee Shabani, fundi wa Ujiji, mkewe, Bi Zuhura, aliyekuwa mpishi wetu wa safari, Bwana Edson, msimamizi, Dokta Neema, daktari wa macho, na mimi, Yohana. Wa sita alikuwa Jumanne, mvuvi wa kijiji kile, aliyekuja kutuachia jenereta yake kisha akaondoka pamoja na Mzee Shabani kwenda msikitini. Nawataja wote tangu mwanzo kwa sababu habari ya siku hiyo imesimuliwa miaka yote kana kwamba alikuwapo mtu mmoja tu.

Mtu huyo ninyi mnamwita Kaunguza. Hamkumjua. Mliajiriwa baada yake, mkaokota jina hilo kwenye gereji kama mtu anavyookota spana iliyosahauliwa na mwenzake. Mmoja wenu akichomeka waya kwa haraka, mwingine anamwambia, "Usitufanyie Kaunguza wewe," mnacheka, kazi inaendelea. Mimi nilikuwa nasikia huku nakaza nati. Nilikuwa nimefungwa na ahadi, na ahadi yenyewe ilikwisha siku niliyorudisha funguo za gari. Ndiyo maana naandika sasa na sikuandika zamani.

Mimi ni mtoto wa Mwandiga. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mahindi ya msimu uleule hayajavunwa. Nilikuwa darasa la sita, mrefu kuliko mwalimu, maana enzi zile tulianza shule tukiwa wakubwa. Nyuma yangu walikuwapo wadogo watano, na wa mwisho, Furaha, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Ndugu walikaa wakatugawa: wawili waende huku, mmoja kule, mtoto apelekwe kwa shangazi. Nikasema hagawanywi mtu. Wakaniuliza nitawalisha nini. Jumatatu iliyofuata sikwenda shule. Niliteremka Kigoma mjini, nikaanza kuosha malori mtaa wa Mwanga.

Kutoka kuosha malori nikawa mshika taa wa mafundi, kutoka mshika taa nikawa mfungua nati. Shirika la macho lilipoleta gari lake na kutafuta utingo anayejua kidogo habari za injini, mwenye gereji alinitaja mimi. Nadhani alitaka kupunguza midomo, maana siku nyingine wadogo zangu wawili walikuwa wanakuja kula pale.

Gari mnalijua, ingawa mmelikuta limezeeka. Lilikuwa lori lililobebeshwa nyumba. Ndani mlikuwa na vitanda vya kukunja, sinki, pampu ya maji, friji fupi, feni na jiko la gesi. Madaktari waliokuja kutembelea vijiji vya ziwani walilala humo, na mchana tulifungua turubai ubavuni ikawa kliniki. Watu wa Ujiji walipoliona mara ya kwanza waliliita Konokono, na jina likashika. Ninyi mna paneli za jua juu ya paa na mashine zinazonong'ona. Sisi tulikuwa na jenereta moja ndogo yenye mkono wa kubebea, na nyumba nzima iliitegemea hiyo.

Siku yangu ya kwanza nilimkuta Mzee Shabani amechuchumaa mbele yake na kanzu ameikunja hadi magotini. Nikamwamkia, "Shikamoo Mzee." Akaitikia marahaba bila kugeuka, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Mwandiga. Tangu hapo hakuniita Yohana tena isipokuwa mara moja, nitakayoisema.

Akaniambia, "Fumba macho, we Mwandiga. Sasa niambie, inalia au inaimba?"

Nikasema inapiga kelele.

"Haya, basi kaa hapo mpaka ujue."

Nilikaa hapo asubuhi nzima. Yeye alikwenda kunywa kahawa, akarudi, akawasha pampu, akazima, akawasha friji, akazima. Kufika mchana nilikuwa nimeanza kusikia. Injini isiyo na mzigo husema neno moja. Friji ikianza kuvuta, neno linakatika katikati kisha linaendelea. Ukiongeza pampu juu ya friji, injini inaguna kama mtu aliyeongezewa gunia. Ukiongeza birika la umeme hapo, inakufa. Madaktari walipenda sana birika. Mmoja alitoka kwao na birika lake ndani ya begi, na kila asubuhi tukawa tunasikia injini ikigumia na kunyamaza, kisha daktari anatoa kichwa dirishani kutuuliza kwa upole kama kuna tatizo.

Mengi mnayoyafanya leo bila kufikiri yalitoka kwa mzee huyo. Kuiweka jenereta mbali na gari, upande ambao upepo unatoka garini kwenda kwake, ili moshi wake usiingie kwa waliolala, maana moshi ule hauna harufu ya kumwamsha mtu. Kutoiingiza ndani hata mvua inyeshe vipi, hata wezi wawe wengi vipi; ifungwe mnyororo kwenye ndoana ya gari na kuezekwa bati. Kuiwasha bila mzigo, kuiacha ipate joto, ndipo uwashe kitu kimoja, usikilize, ndipo kingine. Kuchuja petroli kwa kitambaa, kwa sababu ile ya kwenye chupa barabarani ilikuwa na mafuta ya taa ndani yake, na muuzaji atakuapia kwa wazazi wake wote wawili. Kuisimamisha sawasawa, kwa maana ndani kuna kidude kinachozima injini oili ikipungua, na ukiiegemeza mlimani kinadhani oili imekwisha.

Na taa. Mzee Shabani alikuwa na balbu moja ya kawaida kwenye soketi yake, imefungwa nyaya mbili, anaitunza ndani ya soksi. Kabla ya kuunganisha jenereta yoyote na Konokono, hata yetu wenyewe aliyoizima jana yake, alichomeka balbu kwanza na kuitazama rangi. Ikiwa nyekundu, umeme ni mdogo. Ikiwa nyeupe ya kuumiza jicho, umeme umezidi na utaunguza vitu. Wageni walikuwa na vipimo vyenye mshale. Alivitumia pia, lakini baada ya balbu. Alisema kipimo kikikosea hakioni haya, ila balbu ikikosea inapasuka.

Tulitembea hivyo miaka mingi, kusini hadi ng'ambo ya Malagarasi na zaidi. Bi Zuhura alijiunga nasi mpishi wa kwanza alipoacha kazi, akawa anapika nje ya Konokono kwa mkaa, kwa sababu jiko la gesi la ndani hakuliamini. Wakati wa kula alinipakulia sahani mbili. Ya pili alinifungia nipeleke Mwandiga tukirudi, hata kama kurudi kwenyewe ni keshokutwa. Nikamwambia chakula kitaharibika. Akasema, "Basi kile leo, useme umewaonjea." Wadogo zangu walikua. Mmoja akawa fundi cherehani, wawili wakaolewa, mmoja akapata duka. Furaha ndiye aliyekwenda mbali, akaingia chuo cha uuguzi. Ada yake ilikuwa mkononi mwangu peke yangu.

Sasa siku yenyewe.

Tulikuwa kijiji kimoja cha ziwani, kusini. Jenereta yetu ilikuwa inaumwa tangu mjini. Koili ya moto, ile inayotoa cheche, ilikuwa imechoka, na Mzee Shabani alikuwa ameomba nyingine ofisini zaidi ya mara moja, akajibiwa safari hii iende kwanza. Ilikwenda. Siku ya pili mashine ikakataa kabisa. Kwenye friji mlikuwa na dawa za macho zisizotakiwa kupata joto, na chini ya turubai walikuwa wamekaa watu waliotoka vijiji vya mbali, wengine wakiongozwa kwa fimbo na wajukuu. Na alasiri hiyo walikuwa wanakuja wageni wa kutoka nje, wenye kulipia mradi, waone kazi.

Ilikuwa Ijumaa, na ilikuwa mbalamwezi. Anayeijua Kigoma anaelewa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo vipe, mitumbwi ile ya mbao ya kuvulia dagaa, vinavutwa nchi kavu na wavuvi wanashona nyavu. Wakati ule wengi walikuwa bado wanatumia karabai, lakini wachache kama Jumanne walikuwa wamenunua jenereta ndogo za Kichina za kuwashia balbu juu ya maji. Siku za mbalamwezi mashine hizo hazina kazi, na kuazimana jenereta kwenye mbalamwezi ni kama kuazimana kinu. Bwana Edson akamtuma mtu kwa Jumanne.

Niseme neno juu ya Bwana Edson, msije mkadhani alikuwa msomi wa ofisini asiyejua waya. Alianza kwa kushika usukani kama sisi. Alikuwa anajua kazi. Siku hiyo alikuwa na haraka, na mtu anayejua kazi akiwa na haraka ni hatari kuliko asiyejua, kwa sababu hakuna anayethubutu kumzuia.

Jumanne aliibeba jenereta begani mwenyewe, akaiweka mchangani, akatusalimu "mwakeye" kwa Kiha chetu. Kisha akamgeukia Edson.

"Bosi, hii ni ya ziwani. Nimeikaza. Ina hasira."

Maana yake ni hii. Kila jenereta ina gavana, kifaa kinachoizuia injini isizidi mbio. Wavuvi walikuwa wanakikaza kile kwa bisibisi ili injini ikimbie zaidi, umeme uongezeke, balbu ziwake nyeupe na dagaa waje kwa wingi. Balbu zikipasuka wananunua nyingine. Tena walikuwa wameking'oa kile kidude cha oili, kwa sababu mtumbwi ukiyumba kinazima mashine katikati ya wavu. Juu ya maji hayo yote yana akili yake. Kwenye nyumba yenye friji, chaja na taa ya upasuaji, ni moto.

Mzee Shabani aliielewa palepale. Adhana ilikuwa imekwisha kusikika. Alimwambia Edson kwamba ataswali na kurudi, alegeze gavana, aijaribu kwa balbu, ndipo iunganishwe. Dawa zingevumilia muda huo, barafu ilikuwapo. Edson akasema sawa. Bi Zuhura alimmiminia mumewe maji ya kutawadha pale pembeni ya jiko lake, nikiwa naona. Kisha Mzee Shabani na Jumanne wakaongozana kwenda msikitini, mmoja na kanzu, mwingine na msuli.

Hawakuwa wamefika mbali, simu ya Edson ikaita. Wageni wamekwisha kuvuka kivuko, wako njiani. Akanyanyuka, akauchukua waya wa gari.

Nikamwambia, "Bwana, Mzee amesema tumsubiri."

"Nimesikia alichosema."

"Na Jumanne amesema imekazwa."

"Yohana, wewe kazi yako ni kunisaidia au ni kuniombea mabaya?"

Dokta Neema alikuwa mlangoni mwa Konokono ameshika trei. Alitazama, akaingia ndani. Mimi nikasimama kati ya Edson na soketi. Akanisogeza kwa bega, akavuta kamba, injini ikawaka. Ilikuwa haiimbi wala hailii, ilikuwa inapiga mayowe. Akachomeka. Swichi zote za ndani zilikuwa zimeachwa zimewashwa tangu mashine yetu ilipokufa.

Friji iligonga mara moja kama mtu aliyepiga goti kwenye mlango, moshi ukatoka mgongoni mwake. Chaja ikafuata. Taa ya upasuaji ikapasuka, na vipande vikaanguka juu ya vitambaa vilivyokuwa vimechemshwa tayari. Nilichomoa waya kwa mkono, nikazima injini. Chini ya turubai watu hawakuona kitu, ndiyo maana walikuwapo pale. Walisikia mlio tu, wakanyoosha shingo, na mama mmoja mzee akauliza kama sasa ni zamu yake.

Mzee Shabani alirudi, jasho la kusujudu likiwa bado kwenye paji. Aliinama, akaitoa balbu yake kwenye soksi, akaichomeka kwenye mashine ya Jumanne na kuiwasha. Balbu ikawaka nyeupe kabisa, ikapasuka. Akaokota vigae kimoja kimoja. Wageni wakafika, wakaambiwa kuna hitilafu ya kiufundi. Wagonjwa wakarudishwa kwao. Wapo waliopata zamu safari nyingine, na wapo waliokufa hawajaona.

Juma lililofuata tuliitwa ofisini mjini, kwenye baraza, wafanyakazi wote. Mkubwa wa ofisi alikuwa na hasira ya kweli. Alisema wafadhili wanataka kujua nani, na huyo nani hatalala na kazi. Akauliza aliyechomeka ni nani.

Edson akasema, "Umeme wa gari uko chini ya Yohana."

Haukuwa uongo. Mwaka ule Mzee Shabani alikuwa amenikabidhi umeme, yeye akabaki mshauri. Kila jambo la umeme lilikuwa langu. Edson alitazama kucha zake. Dokta Neema alikuwa amekwisha kurudi alikotoka, na hakuna aliyempigia simu kumuuliza.

Nilinyanyuka kusema. Mzee Shabani, aliyekaa kando yangu, akanishika mkanda wa suruali kwa nyuma, akanivuta nikakaa, na kwa nguvu ileile akasimama yeye.

"Ni mimi niliyechomeka."

Mkubwa akamtazama. "Lakini Mzee, tumeambiwa ulikuwa msikitini."

"Sikwenda."

"Siku ya Ijumaa hukwenda?"

"Sikwenda," akasema Mzee Shabani. "Nilibaki kwenye mashine."

Kwa nyuma, karibu na jiko la ofisi, nilisikia sufuria ikianguka. Alikuwa Bi Zuhura.

Nataka mwelewe alichotoa pale. Kazi alikuwa amebakiza kidogo, na ile si kitu, na mimi kanuni yangu ni kutozungumzia mshahara. Lakini Mzee Shabani alikuwa mtu wa Ujiji, mtoto wa Ujiji, mjukuu wa Ujiji. Ili uongo wake usimame, ilibidi aiondoe swala yake. Mbele ya wafanyakazi wote, nusu yao majirani zake, alisema kwamba aliiacha Ijumaa makusudi, akaunguza dawa za vipofu. Habari ilifika Ujiji kabla yake.

Nilimfuata njiani. Nikamwambia narudi kusema kweli. Hapo ndipo aliponiita kwa jina, mara ile moja.

"Yohana, keti." Tulikaa kwenye tofali za mtu. "Ukirudi, watatufukuza wote wawili, na Edson atabaki. Mimi nimemaliza. Wewe una watoto ambao hukuwazaa, na yule wa chuo hajamaliza."

"Na wewe, Mzee? Swala yako?"

"Niliyemswalia alikuwapo."

Kisha akaniapisha. Nisiseme mpaka nitakapoondoka kwenye kazi ile kwa heshima yangu. Nikiondoka, niseme nitakavyo. Nilikubali. Nimeishika ahadi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kushika, na sijui kama kuna kazi ngumu niliyofanya kwenye Konokono kushinda hiyo. Edson aliendelea kuwa msimamizi wangu, na kila mwaka tuliagana kwa kupeana mikono.

Mzee Shabani alifungua meza ya ufundi nje ya nyumba yake Ujiji, atengeneze redio, pasi, tochi na jenereta. Watu walileta tochi. Jenereta hawakuleta. Watoto waliokuwa wanapita walijifunza jina la Kaunguza kwa wakubwa. Nilipokwenda kumwona siku za mapumziko nilimkuta na kahawa yake na meza tupu, na ananiuliza habari za mashine moja moja kama watu wanavyoulizana habari za watoto. Lakini jina halikumuuma kama lile neno la msikitini. Kila Ijumaa akiingia msikitini, palikuwapo wa kumtania: "Mzee, leo friji imekupa ruhusa?" Alicheka pamoja nao. Baada ya miaka kadhaa akawa anaswali safu ya nyuma, karibu na viatu, awahi kutoka.

Alikufa nikiwa bado kazini. Nilikwenda mazikoni kutoka gereji, na nguo za kazi. Kabla ya kuondoka makaburini msemaji wa familia akatangaza kama inavyotangazwa siku zote, kwamba yeyote anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, aonane na wenye msiba. Nilisimama palepale nilipo, mdomo umejaa. Edson alikuwa safu ya mbele yangu. Alikuja na ubani wa ofisi.

Nilimfuata Bi Zuhura baadaye, nikamwambia mimi ndiye ninayedaiwa. Hakuuliza deni gani. Akasema, "Mwenyewe alikupa muda. Muda haujaisha. Nenda kazini."

Umeisha. Mradi ulipoanza kupunguza watu nilikuwa nimefikisha miaka ya kustaafu kwa hiari, nikaomba kupumzika. Mlinifanyia hafla, nawashukuru kwa soda na kwa saa ya ukutani. Mtakumbuka, waliokuwapo, kwamba Bwana Edson alinisifu kwa uangalifu, akasema laiti wote wangekuwa kama Yohana, pasingekuwa na akina Kaunguza, mkacheka. Na mtakumbuka kwamba niliposimama kushukuru nilisema, "Mzee Shabani hakuchomeka ule waya. Siku ile alikuwa msikitini. Aliyechomeka ni Edson, na hapa yupo." Kisha Edson akatabasamu, akasema mzee wetu amechoka, ni miaka mingi ya moshi wa jenereta, jamani tumkaribishe chakula. Na mkaenda kwenye chakula. Pilau lilikuwa zuri, nakiri.

Furaha alikuja kwenye hafla hiyo na sare zake za uuguzi, ametoka zamu. Njiani nikamweleza yote, ada yake ilitoka wapi. Akanisikiliza vizuri, akasema, "Kaka, mambo ya zamani hayo. Pumzika sasa." Simlaumu. Yeye ndiye aliyebebwa. Anayebebwa haoni miguu ya aliyembeba.

Kesho yake nilikwenda Ujiji. Nilimkuta Bi Zuhura anachagua mchele. Nikamwambia nimelipa, nimesema mbele ya ofisi nzima. Aliendelea kuchagua.

"Ofisi ndiyo iliyokuwa inamtania?"

Nikautazama mchele wake.

"Friji hakuna anayeikumbuka hapa, mwanangu. Mume wangu alikuwa mtu aliyeacha Ijumaa. Nimewaambia nilimmiminia maji kwa mkono huu. Wakaniambia mke atasema nini tena." Akazipeperusha pumba. "Kalipe walipo wadai."

Basi nikaenda kwa imamu. Ni kijana, anaheshimu watu, alinikaribisha nikakaa. Nilimwomba aniruhusu nisimame nje watu wakitoka Ijumaa, niseme. Akafikiri. Akasema hana neno baya na marehemu, na yuko tayari kulisema mwenyewe, mbele ya watu wote, wakiwa bado wamekaa. Lakini akaniuliza swali moja.

"Wewe ulimwona akiswali?"

Sikumwona. Mimi Mkristo, nilibaki kwenye gari. Nilimwona akitawadha, nilimwona akienda, nilimwona akirudi.

"Niletee aliyesimama naye safuni," akasema. "Huyo nitamsimamisha."

Aliyesimama naye ni Jumanne. Alihama kijiji kile zamani. Nasikia yuko Kalya, ana vipe vyake na macho hayaoni vizuri tena. Nimempata kwenye simu mara moja, sauti inakatikakatika. Anakumbuka. Anakumbuka hata sura iliyosomwa. Akasema kwa magoti yake hawezi safari peke yake, niende nimchukue mwenyewe, ila nisubiri mbalamwezi, maana sasa ni giza na watoto wake wako ziwani, hakuna wa kumfikisha barabarani.

Kwa hiyo nasubiri mwezi, kama dagaa anayetaka kupona. Balbu nimenunua nyingine, iko kwenye soksi ileile. Soksi hiyo Bi Zuhura alinipa siku ya arobaini ya mumewe, na mtakayemkabidhi Konokono nitampa yeye. Ninyi fanyeni jambo moja tu, lisilohitaji imamu: acheni kulitumia lile jina gerejini.

Lililobaki ni langu. Mdogo wangu wa mwisho alikula, akasoma, akavaa sare za uuguzi, kwa Ijumaa ya mtu mwingine. Bado sijairudisha.